Samuel Wanjiru (1986–2011): Bingwa wa Marathoni Aliyechoka Mapema



Hapa Ikinga njia zetu ni za kupanda na kushuka. Mtoto anayetoka bondeni kwenda shule asubuhi amekwisha kufanya mazoezi ambayo watu wa mijini wanayalipia fedha. Ndiyo maana tukikusanyika kutazama mashindano ya riadha kwenye televisheni hakuna anayehitaji kuelezwa mlima ni nini. Tunamwona mkimbiaji anapandisha na miguu yetu wenyewe inauma kwa niaba yake.

Uko mlima mwingine ambao televisheni haiuonyeshi. Ni ule anaoupanda mtu baada ya kushinda, akiwa nyumbani kwake, makofi yamekwisha, na kila mtu anayebisha hodi anataka kitu. Leo tuyatazame maisha ya kijana wa nchi jirani aliyekuwa hodari kuliko wote katika mlima wa kwanza, na ambaye huo wa pili ulimshinda. Jina lake ni Samuel Kamau Wanjiru, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki. Alifariki akiwa na umri wa miaka 24.

Mtoto wa Nyahururu

Samuel alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986 huko Nyahururu, mji wa baridi katika nyanda za juu za Kenya, karibu na maporomoko ya maji ya Thomson. Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mwili wa anayekulia huko hujifunza kutumia vizuri hewa kidogo. Wakimbiaji wengi wa Kenya wametoka katika nyanda za namna hiyo.

Alilelewa na mama yake katika maisha ya shida, na jina la Wanjiru alilirithi kwa mama huyo. Kwa kijana wa namna yake, mbio zilikuwa ni mlango, tena labda mlango pekee uliokuwa wazi. Hili tulishike, kwa sababu litaeleza mengi yanayofuata. Mtu anayekimbia ili nyumbani kule chakula ni mzoefu wa kuvumilia maumivu, lakini hajapata nafasi ya kujiuliza yeye ni nani asipokimbia.

Mwaka 2002, akiwa bado hajatimiza miaka 16, mlango huo ulifunguka. Alichukuliwa kwenda Japani kusoma katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Aliondoka bila mzazi, kwenda kwa watu ambao lugha yao hakuijua.

Miaka ya Japani

Wajapani wanapenda sana mbio ndefu, hasa mbio za kupokezana za barabarani ziitwazo ekiden. Kila mkimbiaji hukimbia kipande chake cha njia akiwa amevaa ukanda begani, kisha humvika mwenzake, na huyo humvika wa tatu, mpaka mwisho. Akichoka mmoja, timu nzima imechoka. Shule ya Sendai Ikuei ilitwaa ubingwa wa taifa wa mbio hizo kwa shule za sekondari wakati Samuel akiwa mwanafunzi hapo.

Baada ya shule alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota huko Kyushu, kusini mwa Japani. Kocha wake alikuwa Koichi Morishita, mtu aliyepata medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Wakenya wengine walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo ya Japani kabla yake. Douglas Wakiihuri alipata fedha ya Olimpiki mwaka 1988, na Eric Wainaina alipata shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000. Watanzania nao wanaikumbuka Japani kwa ajili ya Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya Fukuoka mwaka 1986.

Kwa Samuel, Japani ilikuwa zaidi ya mahali pa mazoezi. Ilikuwa nyumba ya malezi. Palikuwa na bweni na saa ya kuamka, palikuwa na kocha aliyeangalia chakula na usingizi, na palikuwa na wenzake waliomtegemea avae ule ukanda begani. Mseminari anayesoma hapa ataitambua haraka ratiba ya namna hiyo. Kengele inalia kabla hujaitaka.

Matunda yalionekana upesi. Mwezi Agosti 2005, huko Brussels, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia kwa vijana. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Septemba, huko Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni iliyokuwa ya Mkenya mwenzake Paul Tergat. Alikuwa na miaka 18. Rekodi hiyo ilichukuliwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia mwanzoni mwa 2006. Samuel aliirudisha mwezi Februari 2007, na mwezi uliofuata, huko The Hague, akaiteremsha mpaka dakika 58 na sekunde 33. Maana yake ni kwamba alikimbia kilomita 21 na kidogo, kila kilomita kwa chini ya dakika 2 na sekunde 47.

Desemba 2007 alikimbia marathoni yake ya kwanza, huko Fukuoka, akashinda. Aprili 2008 alikuwa wa pili London, nyuma ya Mkenya Martin Lel kwa sekunde 9 tu.

Asubuhi ya Beijing

Tarehe 24 Agosti 2008 ndiyo siku iliyompa jina. Marathoni ya Olimpiki ilianza asubuhi katika uwanja wa Tiananmen, Beijing. Kulikuwa na joto, na hofu ya hewa chafu ilikuwa kubwa kiasi kwamba Gebrselassie, mwenye rekodi ya dunia wakati ule, aliamua kutokimbia marathoni hiyo.

Hekima ya siku zote ilisema kwamba katika joto mtu aanze polepole, ajitunze, na mbio zianze kweli baada ya kilomita 30. Samuel hakuifuata. Alikwenda mbele tangu mwanzo, na kilomita 5 za kwanza zilikwisha chini ya dakika 15. Kundi la mbele lilianza kupukutika mtu mmoja mmoja. Watu waliozoea mchezo huo walimtazama wakingoja aanguke.

Hakuanguka. Alibaki na wachache, kisha na wawili, kisha akawa peke yake. Aliingia katika uwanja mkuu akiwa ametumia saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Jaouad Gharib wa Moroko alifika sekunde 44 baadaye, na Tsegaye Kebede wa Ethiopia akawa wa tatu. Rekodi ya Olimpiki iliyokuwepo, ya Mreno Carlos Lopes tangu mwaka 1984, ilikuwa saa 2, dakika 9 na sekunde 21. Kijana huyu aliipunguza kwa karibu dakika 3, katika joto. Rekodi yake ilidumu miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja kwa sekunde 6 huko Paris mwaka 2024.

Alikuwa na miaka 21. Tangu mwaka 1932 hakuna aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki akiwa na umri mdogo hivyo. Kenya, pamoja na mabingwa wake wote tangu enzi za Kipchoge Keino, haikuwa imewahi kuipata dhahabu hiyo.

Uimara wa akili ni nini, basi? Ukimtazama Samuel siku ile utaona kwamba haukuwa ukali wala majivuno. Ulikuwa ni uwezo wa kukaa ndani ya maumivu bila kuyakimbia, kilomita baada ya kilomita. Uwezo huo ni wa kweli, na tusiupunguze kwa sababu ya yaliyofuata.

Chicago, na nyumbani

Baada ya Beijing alishinda kila mahali. Aprili 2009 alishinda London kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 10. Oktoba mwaka huohuo alishinda Chicago. Mwaka 2010 aliachia njiani mbio za London, goti likimsumbua, lakini Oktoba alirudi Chicago akiwa ametoka kuugua tumbo na mazoezi yake yakiwa hayajatosha.

Siku hiyo wengi husema ndiyo mbio zake kubwa kuliko hata za Beijing. Yeye na Kebede walibaki wawili. Kebede alimwacha, Samuel akamfikia. Akamwacha tena, akamfikia tena. Ikawa hivyo mpaka karibu na mwisho, ambapo Samuel alimpita kwenye mwinuko mfupi na kushinda kwa sekunde 19. Mshindi kati yao ndiye angechukua pia zawadi ya msimu mzima wa marathoni kubwa za dunia, dola za Marekani 500,000. Aliipata kwa mara ya pili mfululizo.

Kwa jumla alianza marathoni 7. Alishinda 5, akawa wa pili moja, na moja hakumaliza. Ile ya Chicago ilikuwa ya mwisho. Alikuwa bado hajatimiza miaka 24.

Tugeuke sasa tuangalie nyumbani. Alikuwa ameacha timu yake ya Japani mwaka 2008 na kurudi Kenya. Bweni halikuwepo tena, wala kengele, wala ule ukanda wa begani wa kuwakabidhi wenzake. Badala yake palikuwa na fedha nyingi kuliko ambazo mtu yeyote katika ukoo wake alikuwa amewahi kuziona, na palikuwa na watu. Walikuwepo jamaa wa kweli na jamaa waliojitokeza jana, wenye shida za kweli na wenye maneno matamu. Kijana aliyekua bila kitu ataona aibu kumnyima mtu. Huo ni wema, lakini wema usio na mpaka humla mwenye nao.

Waliokuwa karibu naye walieleza baadaye kwamba pombe ilikuwa imeshika nafasi kubwa. Ndoa ilikuwa na mivutano. Mwisho wa Desemba 2010 polisi walimkamata, akafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumtishia mke wake na kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Alikanusha, na baadaye yeye na mke wake walijitokeza hadharani wakiwa wamepatana. Januari 2011 alipata ajali ya gari akapona. Majeraha yalimzuia kukimbia London mwezi Aprili.

Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu baada ya ugomvi wa kifamilia, akafa. Watu walitofautiana iwapo aliruka, aliteleza au alisukumwa, na sisi hatuna kazi ya kuhukumu hilo. Hata mazishi yalicheleweshwa na mabishano yaliyofika mahakamani, mpaka mwezi Juni alipozikwa. Mtu aliyewapokea wengi nyumbani kwake alikaa wiki kadhaa akingoja waliobaki wakubaliane juu ya kaburi lake.

Si yeye peke yake

Tusidhani kwamba hili ni jambo la watu maskini waliopata fedha ghafla. Mchezo wa tenisi, unaochezwa na watoto wa nchi tajiri wenye makocha na waganga wao, unalijua vizuri. Björn Borg wa Sweden alishinda Wimbledon mara 5 mfululizo, 1976 hadi 1980, na alisifiwa kwa utulivu kama wa barafu. Mwanzoni mwa 1983, akiwa na miaka 26, alitangaza kwamba anaacha. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 1990 kabla ya kutimiza miaka 14, na kabla ya kufika miaka 18 alikuwa amekwisha kujiondoa. Alirudi baada ya miaka ya mahangaiko. Ashleigh Barty wa Australia aliacha mwaka 2022 akiwa na miaka 25, wakati huo akiwa namba moja duniani. Wote hao walikuwa na uimara wa akili. Uimara huo ni kama kisima. Ukichota kila siku bila kungoja maji yarudi, utafika kwenye matope, hata kama kisima ni kirefu.

Wapo pia waliokwenda polepole. Eliud Kipchoge ni mkubwa kwa Samuel kwa miaka miwili. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia mwaka 2013, Samuel akiwa kaburini miaka miwili, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili, akiishi na kufanya mazoezi kambini pamoja na wenzake kwa miaka mingi. Na kijana wetu Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, akangoja, akapita miaka ambayo wengi walimsahau, na mwaka 2025 huko Tokyo akaipatia Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia. Alikuwa na miaka 33. Samuel katika umri huo angekuwa amekimbia hata mwaka 2019 na 2020.

Elia chini ya mti

Maandiko yanalijua jambo hili kuliko sisi. Nabii Elia alishinda katika Mlima Karmeli mbele ya taifa zima. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani, chini ya mti, akimwomba Mungu amtoe uhai. Tukisoma sura ile ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kwa haraka, tunaona woga wa Yezebeli tu. Tukisoma taratibu tunamwona mtu aliyechoka baada ya ushindi wake. Na Mungu hamkemei. Anampa usingizi, anamletea mkate na maji, anamlaza tena, anamlisha tena. Baadaye tu ndipo anazungumza naye, na mwishoni anampa Elisha, mtu wa kutembea naye na kumrithisha kazi. Elia alirudishiwa usingizi, chakula na mwenzake. Ndivyo vitu vitatu ambavyo bweni la Sendai lilikuwa nalo na nyumba ya Nyahururu ikavikosa.

Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji uwanjani, hakumaliza kwa kusifu mbio. Alimaliza kwa hofu yake mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuwahubiria wengine kisha yeye akakataliwa. Neno hilo ni kwa ajili yetu wa seminari.

Ndugu mseminari, unaishi sasa miaka yako ya Japani. Ratiba inakubeba. Unasali kwa sababu kengele imelia, unalala kwa sababu taa zimezimwa, na mlezi anakuuliza habari zako hata usipotaka. Ni rahisi kudhani kwamba nguvu hiyo ni yako. Siku moja, Mungu akipenda, utapewa daraja, parokia yako ya nyumbani itacheza na kupiga vigelegele, utapewa mbuzi na mashuka na bahasha. Kisha utapangiwa parokia yenye vigango vingi, na jioni ya kwanza utakaa mezani peke yako. Huo ndio mlima wa pili. Anza sasa kutafuta padre wa kukuungamisha utakayemwendea hata bila kulazimishwa, rafiki utakayemwambia ukweli, na siku ya kupumzika utakayoilinda bila kuona haya.

Na ninyi waamini wa parokia zetu, kijana anapofanikiwa katika mpira, kwaya, biashara ya mpakani Tunduma au wito mtakatifu, msimgeuze mti wa matunda ambao kila apitaye anautikisa. Muulizeni amelala lini. Mzazi mwenye mtoto mwenye kipaji amwache awe mtoto kwanza. Jumuiya ndogondogo zitafute namna ya kumtembelea aliyefaulu kama zinavyomtembelea mgonjwa, kwa sababu mara nyingi ni mtu mmoja.

Tunaweza kujiuliza wiki hii, tukiwa peke yetu au katika jumuiya: Ni nani anayejua jinsi ninavyoishi ninapokuwa sifanyi kazi? Ni lini mara ya mwisho nilipumzika bila kuona kwamba naiba muda? Ni nani niliyemwomba msaada mara nyingi bila kumuuliza hali yake?

Samuel Wanjiru aliwafundisha wakimbiaji wa dunia kwamba marathoni inaweza kukimbiwa bila woga tangu hatua ya kwanza. Baada yake hawakukimbia tena kama zamani. Kwa hilo tumheshimu. Na kwa hayo mengine tumwombee, yeye na wote waliochoka kabla ya jioni, ili huyo aliyemlisha Elia jangwani awape hata wao mahali pa kulala.